Tangi Lililokataa Kukaa

Jumapili ile tulipoifungua pikipiki ya binti yangu pale uani, jua lilikuwa bado halijafika kwenye karo la kufulia. Lilipofika karoni tangi la mafuta lilikuwa limeshavuliwa mara ya pili, na mimi nimeshaanza kulichukia kama mtu.

Pikipiki yenyewe ni ya zahanati. Binti yangu ni nesi, na kazi yake si ya kukaa ndani. Anazunguka kuwaona wanawake waliojifungua, wazee wasioweza kutembea, na watoto ambao mama zao wanasema homa imeshuka kumbe imelala tu. Pikipiki hiyo aliipata kwa taabu. Wanaume wawili waliitaka, na mmoja alimcheka mbele za watu akasema miguu yake haifiki chini. Inafika. Mimi ndiye niliyempunguzia pindo za suruali ya kazi, najua urefu wa miguu yake.

Tatizo lilikuwa simu. Njiani anapigiwa tangu asubuhi, na ikifika mchana simu imekufa. Wiki ile mwanamke mmoja alishikwa na uchungu, ndugu zake wakapiga, wakapiga tena, hawakumpata. Jirani ndiye aliyemsaidia, mtoto akatoka salama. Lakini mkuu wa zahanati alimwita binti yangu ofisini, akamwambia taratibu kabisa, bila kupandisha sauti: "Nesi nisiyempata hewani simhesabu kuwa yuko kazini. Ikitokea tena, pikipiki nampa mwingine, wewe utarudi dirishani kugawa kadi."

Alirudi nyumbani hajala, akavua viatu mlangoni, akaketi sakafuni kama mtoto. Mumewe, ambaye tunamwita Baba Kipipi kwa jina la utani la mjukuu wangu anayependa pipi kuliko chakula, akamwambia asijali. Yeye ni fundi wa redio. Alisema atavuta waya kutoka kwenye betri iliyo chini ya kiti, aupitishe chini ya tangi, aufikishe kwenye usukani, na pale afunge soketi ya kuchajia simu. Binti yangu awe anaendesha huku simu inakula chaji.

"Ni kazi ya asubuhi moja tu, Mama," aliniambia.

Asubuhi moja. Nilikuja kuyakumbuka sana maneno hayo.

Hapa lazima niseme jinsi mimi na mkwe wangu tunavyoishi. Ninakaa nao, chumba cha nyuma, na cherehani yangu karibu na dirisha. Tangu alipomwoa binti yangu, mkwe huyu hajawahi kunijibu neno la kupinga, na mimi sijawahi kumpinga. Akitaka kupita mbele ya mlango wangu anakohoa kwanza. Mimi nikiwa na neno kwake namtuma binti yangu, hata kama mwenyewe amesimama palepale akinisikia. Chai yake nampikia mimi. Naweka sukari vijiko vilivyojaa mpaka vinamwagika, kwa sababu mtu anayetumia macho kutwa nzima anahitaji nguvu. Naye huinywa mpaka tone la mwisho, akasema, "Ahsante Mama, chai nzuri."

Niliposikia kwamba waya wa umeme utapita chini ya tangi la petroli, mwili ulinisisimka. Petroli juu, umeme chini, na mwanangu amekaa katikati. Nilifungua kasha langu la vipande, nikatoa bitana ya koti kuukuu, nikatoa na pamba yake, nikaanza kushona ala ya kuuvika ule waya ili usisuguliwe na kitu chochote. Nilitandaza pamba vizuri, nikaipiga mistari ya msalaba ili isikusanyike upande mmoja, nikakunja ncha zote mbili na kuzizungushia utepe. Mshono nilirudia mara mbili. Ilikuwa ndefu na nyembamba, au niseme mimi niliiona nyembamba.

Binti yangu alipoiona alicheka. "Mama, umemshonea nyoka soksi?"

Jina likaganda hapohapo. Ikawa ni soksi.

Baba Kipipi aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaitazama tena. "Ahsante sana Mama. Hii itafaa." Mimi nikadhani ule mtazamo wa muda mrefu ni wa kupendezwa.

Basi tukaanza. Alifunga koki ya mafuta, akachomoa mpira wa petroli, na petroli iliyobaki ikadondoka kwenye kopo na nyingine mkononi mwake. Ua wote ukanuka. Akang'oa kiti, akafungua bolti moja iliyoshika tangi kwa nyuma, akalivuta kuelekea kwake na kulinyanyua. Sikuwahi kuona pikipiki bila tangi. Kuna bomba nene la fremu linalopita katikati kama uti wa mgongo, na tangi lina mfereji chini yake wa kulikalia bomba hilo, kama vile mtu anavyompanda punda. Mbele, kila upande, kuna mpira mmoja mviringo. Tangi linatakiwa lisukumwe mbele mpaka liimeze ile mipira, ndipo tundu la nyuma likutane na bolti yake. Na kandokando ya uti wa mgongo zimelala nyaya za kiwandani, zimefungwa pamoja, zimejibana kama watu kwenye benchi moja.

Mkwe wangu akaupenyeza waya wake ndani ya soksi, akailaza soksi juu ya zile nyaya, akaifunga kwa vibanio vya plastiki. Mimi nilikaa kwenye kigoda na tochi, namulika panapohitajika. Ilipendeza. Mistari yangu ya msalaba ilionekana vizuri.

Tangi likakataa.

Alilisukuma mbele, likarudi nyuma. Akalisukuma tena kwa kifua. Nyuma, tundu lilikuwa linaonyesha nusu mwezi tu, nusu nyingine imefichwa na chuma. Akalikalia, akaruka juu yake.

"Hilo ni tangi la zahanati," binti yangu akamwambia, "si godoro."

"Linakaza kidogo tu."

"Kidogo gani hicho kinachokutoa jasho?"

Hatimaye alipenyeza bisibisi chini, akakandamiza kwa goti, bolti ikaingia kwa upande upande. Akawasha swichi. Soketi pale kwenye usukani ikawaka taa yake, kataa kekundu kadogo. Binti yangu akachomeka simu, simu ikalia. Tulitazamana kwa furaha. Akashika usukani kuigeuza pikipiki iangalie mlango, usukani ukakata kushoto, na kale kataa kakazimika.

Fyuzi imeungua.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kuchoka moyoni. Mkwe wangu alisema waya ni mfupi, usukani ukigeuka unavuta. Haya. Kiti kikatoka, bolti ikatoka, koki, mpira, petroli mkononi, tangi likanyanyuliwa. Vibanio vya plastiki ukishavifunga havifunguki, vinakatwa, kwa hiyo akavikata vyote na kufunga vingine. Akaurefusha waya, akaacha mzunguko mzuri pale shingoni mwa usukani. Tangi likarudi, na kugoma kule kule, na bisibisi ile ile, na goti lile lile. Akawasha. Akageuza usukani kushoto, kulia, kataa kanawaka. Binti yangu akaketi ajaribu. Pikipiki ilipobonyea kwa uzito wake, kakazimika.

Fyuzi nyingine.

"Pole, baba," nikasema. Ndiyo niliyoweza kusema. Ndani yangu yalikuwapo maneno mengine, si mazuri. Nilijiuliza huyu anatengenezaje redio za watu. Redio zina nyaya nyembamba kama nywele, huyu, waya mmoja tu unamshinda. Nikamgeukia binti yangu: "Mama Kipipi, mwulize mwenzako kama anataka chai."

Mwenzake alikuwa amechuchumaa hatua moja kutoka kigodani pangu.

"Anasema unataka chai?"

"Mwambie Mama ahsante, nitakunywa."

Nikaenda kupika chai, nikaongeza sukari kwa sababu ya kazi ngumu. Akainywa yote amesimama, akaifuta midomo, akarudi vitani.

Mara ya tatu akauhamishia waya upande wa pili, kule kwenye koki. Tangi likaingia nafuu kidogo, lakini soksi ikaziba koki, kile kimpini chake hakigeuki. Utaendeshaje pikipiki ambayo huwezi kufunga mafuta? Akatoa. Mara nyingine akaamua kuupitisha juu, nje kabisa, soksi imelala mgongoni mwa tangi na kubandikwa kwa tepu nyeusi. Ilionekana kama kiwavi mkubwa anayepanda kwenda kwenye usukani.

Binti yangu aliizunguka, mikono kiunoni. "Nikijaza mafuta, huyu mdudu namsogeza wapi?"

"Unamwinua kidogo."

"Na goti langu likimng'oa?"

"Utakuwa mwangalifu."

"Nina mgonjwa anayetapika damu upande wa pili wa mto, halafu niwe mwangalifu na goti."

Mkwe wangu aliibandua tepu kwa kucha, inatoka vipande vipande, inaacha gundi kwenye rangi. Uso wake ulikuwa umebadilika. Kuna ukimya wa mtu anayefikiri, na kuna ukimya wa mtu anayejizuia. Wake ulikuwa huo wa pili, nami nikadhani anamzuilia mkewe hasira.

Nilikwenda chumbani kutafuta kitambaa cha kufutia ile gundi. Chumba changu na jiko vimetenganishwa na ukuta usiofika juu. Niliinama kwenye kasha nikasikia wameingia jikoni, maji yanamiminwa, na sauti zao zimeshushwa.

"Mwambie wewe," alisema mkwe wangu. "Ni mama yako."

"Fundi ni nani hapa?"

"Mimi ni mkwe. Nianzie wapi? Nimwambie, Mama, soksi yako ni nene? Mtu ameshona kwa mkono wake kwa ajili yako."

"Basi itoe kimyakimya."

"Amekaa pale na tochi, macho hayabanduki. Nitaitoa ataniona."

"Una uhakika ni soksi?"

"Tangi haliingii, Mama Kipipi. Tangu mwanzo haliingii kwa sababu ya soksi. Nikililazimisha, linaubana waya kwenye chuma. Pale pana nafasi ya waya tupu, basi. Hapana nafasi ya koti."

Kikombe kikawekwa mezani.

"Fyuzi umebakiwa na ngapi?" aliuliza binti yangu.

"Moja. Na leo maduka yote yamefungwa. Hii nayo ikiungua naweka kipande cha waya mahali pake, tumalize."

"Waya badala ya fyuzi? Chini ya petroli?"

"Unataka nifanyeje? Kesho usipopatikana, unarudi dirishani."

Niliketi kitandani na kile kitambaa mkononi. Hasira ilinipanda, na sikujua nimkasirikie nani. Nimkasirikie mkwe, ambaye alijua tangu asubuhi akaendelea kuvua na kuvisha kama anamvalisha bibi harusi? Nimkasirikie binti yangu, ambaye ulimi wake haukosi neno kwa mtu yeyote ila mimi? Au nijikasirikie mwenyewe, niliyekaa kigodani namdharau kijana wa watu kimoyomoyo huku tatizo ni kitu nilichokishona mimi? Watu wazima watatu tumeshinda juani, mmoja amebabuka mikono kwa petroli, kwa sababu ya adabu. Na sasa adabu hiyohiyo ilikuwa inakaribia kuweka waya mahali pa fyuzi.

Kwenye droo ya cherehani nina kifumulio, kile kidude chenye ncha mbili cha kufumulia mshono. Nikakichukua nikatoka.

Walikuwa wamesharudi uani. Mkwe wangu alikuwa ameshalivua tangi tena, ameshika soksi, anaivuta inyooke, anatafuta njia nyingine ya kuipitisha.

Sikumtuma mtu. "Baba Kipipi," nikasema, "nipe hiyo."

Alisimama wima. "Hapana Mama, haina neno. Imenisaidia sana."

"Nipe, mwanangu."

"Mama, kaa tu upumzike, nimeshapata njia nyingine, naona nikiipitisha hapa kwa pembeni..."

"Ukuta wa jiko haufiki juu," nikasema.

Alielewa. Binti yangu naye alielewa, akaanza kukagua tairi la nyuma ambalo halikuwa na shida yoyote. Mkwe wangu akaniletea soksi, waya ungali ndani, kwa mikono miwili, kama alivyoipokea, ila sasa macho yapo chini.

Nikaketi kigodani nikaanza kufumua. Mshono wangu ni mgumu, nimeshasema niliurudia mara mbili. Uzi ulikatika mmoja mmoja, tik, tik, na pamba ikaanza kutoka. Nilikuwa nafumua kwa kisirani, nataka niimalize haraka nisiione tena. Nilipofika karibu na ncha ya mbele, kidole kikagusa kitu kigumu.

Nikaifunua bitana. Ndani yake pamba ilikuwa imegeuka kahawia, na katikati nyeusi, imekauka kama ukoko. Mimi nimepiga pasi tangu nikiwa msichana, harufu ya kitambaa kilichoungua naijua hata nikiwa usingizini. Pale katikati waya ulikuwa umebanwa ukawa bapa, ganda lake limepasuka, shaba inachungulia. Kwa nje ya soksi usingeona kitu. Utepe wangu ulikuwa safi, mistari ya msalaba imenyooka. Moto wote ulikuwa umefichwa ndani, umefunikwa vizuri, na mimi ndiye niliyeufunika.

Niliwanyooshea ile pamba na waya wake.

Binti yangu aliacha tairi akaja. Alikitazama kile kidonda cheusi kwa macho ya kazini, yale anayotazamia wagonjwa. Mumewe alichuchumaa karibu yangu kuliko alivyowahi kukaa tangu aniite mama.

"Niambie," nikamwambia, "na usinifunike. Ungeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi, ingekuwaje?"

Aliangalia tangi lililokuwa limelazwa juu ya gunia, akaangalia ile pamba.

"Isingezima, Mama. Ingeendelea kuungua."

"Naye akiwa juu yake."

"Naye akiwa juu yake."

"Na soksi?"

Hapo alisita. Nilimwona anatafuta neno laini, anapekuapekua kama mtu anayetafuta funguo mfukoni. Nikamngoja. Nina subira, lakini siku ile ilikuwa imebaki kidogo.

"Soksi ni nene mno," akasema. "Ilinisumbua tangu mwanzo. Nilipaswa kukwambia ulipoileta."

"Ulipaswa."

"Ndiyo, Mama."

"Haya. Na mimi nimekuona fundi mbovu tangu asubuhi, nikanyamaza. Sasa tumelipana. Funga huo waya mwanangu asiungue."

Binti yangu alicheka kwa pua, akajifuta jicho kwa kiwiko, akasema atakwenda kuangalia kama kuna chakula, na hakwenda.

Kazi ilianza upya, na bado haikuwa rahisi. Sitaki mtu adhani tangi lilituonea huruma. Aliukata waya pale palipojeruhiwa, akatoa kile chuma chake cha kuchomelea redio, akaenda nacho ndani mbali na petroli, akaunga, akarudi. Akauvika mpira mwembamba mweusi, mwembamba kiasi kwamba niliusogezea tochi ili niuone. Nilitaka kusema, hivyo tu? Nikasema.

"Hivyo tu, baba? Haufuniki kitu."

"Unatosha, Mama. Pale ndani haupaswi kunenepa. Unapaswa kulala kimya mahali ambapo tangi haliugusi." Akanishika mkono, akanipitishia kidole kwenye ule mfereji wa chini ya tangi. "Sikia. Hapa panabana. Hapa pana nafasi. Tutaupitisha hapa pembeni mwa zile za kiwandani, si juu yake."

Nilisikia. Kidole kilipita pale pana nafasi bila kuguswa, na pale pabaya kilikwama penye kiungo chake. Nikaelewa kwa ngozi kile ambacho tochi haikunionyesha kutwa nzima.

Kumbe vibanio vya plastiki navyo vilikuwa vimekwisha. Vyote tulikuwa tumevifunga na kuvikata, vimetapakaa uani kama kucha zilizokatwa. Mkwe wangu alikaa chini akashika kichwa. Nilidhani atalia. Nikaenda ndani nikaleta ule uzi mnene niliobakiza tangu nilipokuwa nashona mikoba, uliopakwa nta.

"Huu ni mwembamba," nikasema, "au nao utausema?"

"Huu unafaa, Mama. Kweli unafaa." Akaniangalia usoni alipokuwa anasema, kwa hiyo nikaamini.

Yeye akawa ananionyesha mahali, mimi nafunga. Kabla sijakaza fundo la mbele alimwambia mkewe ageuze usukani mpaka mwisho kushoto, halafu mpaka mwisho kulia, huku ameuachia waya ulegee utafute urefu wake wenyewe. Ndipo nikakaza.

Akalinyanyua tangi. Sote watatu tulikuwa tumeinama, tunachungulia kama watu wanaochungulia kisimani. Akalilaza, akalisukuma mbele kwa viganja tu, bila goti, bila bisibisi. Likateleza, likaimeza mipira, tup. Nyuma, tundu likawa mwezi mzima.

Mkwe wangu aliingiza bolti kwa vidole. Akaweka fyuzi ya mwisho. Akawasha. Kataa kekundu kakawaka. Usukani kushoto, kulia. Binti yangu akaketi, akaruka ruka kwa makusudi mpaka springi zikalia, mumewe naye akapanda nyuma, wote wawili wakaruka. Kakaendelea kuwaka. Walipoizima jua lilikuwa limeshahama uani, limebaki juu ya ukuta tu. Tulinawa mikono kwa sabuni ya kufulia na harufu haikutoka. Tulikula tukinuka petroli.

Asubuhi alivaa suruali yake, akafunga sanduku la dawa nyuma, akatuaga. Pikipiki ikawaka vizuri. Ikafika mlango wa nje, ikakohoa, ikafa.

Baba Kipipi alitoka mbio na mswaki mdomoni. Akaangalia fyuzi, nzima. Akagusa waya, umetulia. Niliona mabega yake yanaanza kushuka kama ya jana. Binti yangu alikuwa anatazama saa. Mimi niliyekaa na tochi siku nzima nilikuwa nimeona mkono wake unafunga kitu kila mara kabla ya kuvua tangi, na jana jioni, kwa ile furaha, sikuuona unakifungua.

"Baba Kipipi," nikaita tokea barazani, sikumtuma mtu, "koki."

Akasimama. Akainama. Akaifungua. Akacheka mpaka povu la mswaki likamwagikia shati. Pikipiki ikawaka, ikaenda, nikaisikiliza mpaka ikakata kona.

Sikushona asubuhi hiyo. Niliketi na ile bitana iliyofumuliwa mapajani, nikikiangalia kile kidonda, nikisikiliza kila pikipiki iliyopita barabarani. Simu ya Baba Kipipi ilipoita aliipokea akiwa mlangoni kwake na redio ya mtu mkononi, kisha akaja nayo kwangu, hakukohoa.

"Mama," sauti ya binti yangu ikasema, na nyuma yake upepo, "mkuu amenipigia. Amenikuta. Ananiuliza niko wapi nikamwambia niko njiani kwa mama wa mapacha, akasema sawa, akakata. Basi. Simu imejaa, Mama, imejaa kuliko nilivyotoka nayo nyumbani."

"Waya una joto?"

"Nimeweka mkono. Hauna."

"Weka tena ukifika."

"Nitaweka."

Nikapika chai. Nilimpelekea mkwe wangu kikombe chake kwenye meza ya kazi, katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo. Akakishika kwa mikono miwili, akanusa mvuke, akakitazama kwa muda mrefu. Mtazamo ule niliukumbuka. Ndivyo alivyoitazama soksi.

"Sema," nikamwambia.

"Mama." Akakiweka chini. "Sukari ni nyingi."

"Leo?"

"Tangu niingie nyumba hii."

Nilimtazama kama namwona kwa mara ya kwanza, kijana wa watu, anameza tu. Nikachukua kile kikombe nikanywa mwenyewe, nikakunja uso. Kisha nikaenda kumpikia kingine.